Kinachohama na Kinachobaki: Maoni Juu ya Kufundisha Kunakili Seli za Lahajedwali

Miongoni mwa stadi za kompyuta zinazofundishwa kwa walimu watarajiwa, huenda hakuna inayodhaniwa kuwa nyepesi kuliko kunakili na kubandika. Mkufunzi huonyesha vitufe viwili, wanachuo huvibonyeza, maandishi huonekana mahali papya, na somo huhesabiwa kuwa limekwisha. Katika barua au insha jambo hili halina madhara makubwa. Neno lililonakiliwa ni neno lilelile, na hata kama rangi yake imebadilika njiani, msomaji hapotezi maana.

Lahajedwali, hata hivyo, haifanani na barua. Ndani yake, kinachoonekana na kilichomo vyaweza kuwa vitu viwili tofauti, na mkono unaonakili haujui daima umechukua kipi. Mwalimu anayehamisha orodha ya alama kutoka jedwali moja kwenda jingine, huku akitaka sura yake ibaki kama ilivyokuwa, anaamua mambo kadhaa kwa mara moja, na mara nyingi hajui kuwa ameamua. Katika makala hii tunakusudia kuonyesha kwamba kunakili seli pamoja na sura yake ni somo la fikra kabla ya kuwa ufundi wa vidole. Kwamba lafaa kufundishwa kwa kuuliza ni nini kinachohama na ni nini kinachobaki. Na kwamba lisipofundishwa hivyo, atakayelipa gharama ni mtoto ambaye alama zake zimeandikwa humo.

Seli na Tabaka Zake

Tuanze na kitu chenyewe. Lahajedwali ni uwanja wa mistari na safu. Pale mstari na safu vinapokutana pana kisanduku kimoja, nacho ndicho kiitwacho seli. Seli hupewa jina kwa herufi ya safu na namba ya mstari wake: B2, C2, D2 na kadhalika. Hadi hapa wanachuo huelewa bila taabu. Taabu huanza pale wanapodhani kwamba seli ni sawa na kisanduku cha daftari la mahudhurio, ambamo kilichoandikwa ndicho kilichomo na hakuna zaidi.

Kwa hakika seli ina tabaka tatu. La kwanza ni thamani, yaani namba, neno au tarehe ambayo kompyuta inaitunza. La pili ni fomula, yaani kanuni ya hesabu iliyoizaa thamani hiyo, ikiwa ipo. La tatu ni sura, ambayo wataalamu huiita umbizo. Sura ni rangi, unene wa maandishi, mipaka ya kisanduku na, lililo muhimu kupita yote, jinsi namba inavyoonyeshwa. Je, ionyeshwe pamoja na desimali au bila desimali? Iwe asilimia, fedha au tarehe? Hayo yote ni ya sura. Thamani iliyo chini yake haibadiliki hata kidogo.

Wahenga walisema kuwa uzuri wa mkakasi, ndani kipande cha mti. Hatuitaji methali hiyo ili kusema kwamba sura ni udanganyifu. Orodha iliyopangwa vizuri, yenye vichwa vilivyokolezwa na mistari iliyotenganishwa, humwepusha msomaji na makosa mengi. Tunachosema ni kwamba sura ni vazi. Vazi laweza kuhamishwa bila mvaaji, na mvaaji aweza kuhama bila vazi lake. Programu zote kubwa za lahajedwali huruhusu mambo haya: kubandika vyote, kubandika thamani peke yake, kubandika fomula peke yake, au kubandika sura peke yake. Anayebonyeza bila kujua tabaka hizi anachaguliwa na programu, hachagui.

Kuna na jambo la nne ambalo huwasumbua wanaoanza. Upana si mali ya seli. Ni mali ya safu. Kwa hiyo ukinakili seli chache na kuzibandika kwenye karatasi nyingine kwa njia ya kawaida, rangi na mipaka hufuata, lakini upana haufuati. Namba ikikosa nafasi, seli hujaa alama za reli, #####, na mwanachuo hudhani kazi yake imeharibika. Haikuharibika. Safu ni nyembamba tu, na ikipanuliwa namba hurudi. Mkufunzi asiyelieleza hili mapema atakuta wanafunzi wake wanaandika upya kwa mkono kile ambacho hakikupotea.

Alama Moja, Karatasi Tatu

Tuchukue mfano wa mwanafunzi mmoja aliyefanya majaribio matatu, akapata 48, 50 na 51. Jumla yake ni 149, na wastani wake ni 49.666 na kuendelea. Mwalimu wake haoni haja ya desimali, hivyo anaiagiza seli ya wastani isizionyeshe. Seli inaonyesha 50. Alama ya kufaulu katika shule hiyo ni 50, na katika safu ya pembeni mwalimu ameweka fomula inayouliza kama wastani umefika 50, kisha ikaandika ama «Amefaulu» ama «Hakufaulu».

Kwa mwanafunzi huyu fomula itaandika «Hakufaulu». Fomula haisomi sura, husoma thamani, na thamani haijafika 50. Ikiwa jirani yake amepata wastani wa 50 kamili, orodha itakayobandikwa ukutani itaonyesha watoto wawili wenye 50, mmoja amefaulu na mwingine hakufaulu. Mzazi atakayeuliza sababu atastahili jibu, na mwalimu asiyejua tabaka za seli hatakuwa nalo.

Sasa yaja kazi ya kunakili. Mwalimu akinakili safu ya wastani na kuibandika kwa njia ya kawaida kwenye karatasi nyingine, fomula itahama pamoja na sura. Itakapofika itatafuta majaribio katika seli zilizo karibu nayo, na huenda huko hakuna majaribio. Akibandika thamani peke yake kwenye karatasi isiyo na sura, ataona 49.66667. Akibandika thamani pamoja na sura ya namba, ataona 50, lakini ndani mtaendelea kuwamo 49.666. Tena akibandika kwenye hati ya maandishi kwa ajili ya barua kwa mzazi, atapata 50 tupu, kwa kuwa hati ya maandishi huchukua kinachoonekana, na asili ya namba hiyo itakuwa imepotea kabisa. Mtoto ni mmoja na majaribio ni yaleyale, lakini karatasi tatu hazisemi jambo moja.

Ni ipi iliyo sahihi? Swali hili kompyuta haiwezi kulijibu, kwa kuwa ni swali la haki. Shule yapaswa kuamua, kabla ya majaribio, kama wastani utakadiriwa kwenda kwenye namba nzima iliyo karibu au hapana. Ikiamua kukadiria, na ikadirie kwa fomula, ambayo katika programu nyingi huitwa ROUND, ili thamani yenyewe iwe 50 na fomula ya kufaulu ione 50. Ikiamua kutokadiria, na ionyeshe desimali ili kila mtu aone ukweli. Lisilofaa ni kuiachia sura ikadirie kimyakimya machoni huku hesabu ikiendelea kwa namba nyingine chini yake.

Namba Zinazopoteza Tarakimu

Mfano wa pili ni wa namba zisizo za hesabu. Namba ya mtahiniwa wa sekondari nchini Tanzania huishia kwa tarakimu nne baada ya namba ya kituo, kwa mfano 0047. Mwalimu akiandika tarakimu hizo peke yake katika seli ya kawaida, kompyuta huichukua kuwa hesabu, na sifuri za mbele huziona hazina kazi. Hubaki 47. Wengi huitibu hali hii kwa sura: huiagiza seli ionyeshe tarakimu nne, na machoni 0047 hurudi. Lakini ndani bado ni 47. Siku safu hiyo itakapobandikwa mahali pengine kama thamani peke yake, sifuri zitatoweka tena. Dawa ya kweli ni kuiambia kompyuta, kabla ya kuandika chochote, kwamba safu hiyo ni ya maandishi.

Hatari kubwa zaidi imo katika namba ndefu. Namba ya kitambulisho cha taifa inayotolewa na NIDA ina tarakimu 20. Excel hutunza tarakimu 15 tu za namba yoyote, na zinazozidi huzigeuza kuwa sifuri. Anayeiandika namba hiyo bila vistari katika seli ya kawaida hupoteza tarakimu tano za mwisho papo hapo, na hakuna sura itakayozirudisha. Hapa mwanachuo hujifunza tofauti iliyo msingi wa somo zima. Kuna kosa la sura, ambalo huponywa kwa kubadili vazi. Kuna na kosa la thamani, ambalo haliponi ila kwa kurudi kwenye karatasi ya kwanza.

Tarehe nazo zina ugumu wake. Kompyuta haitunzi tarehe kama tunavyoiandika. Huhesabu siku moja moja kuanzia mwanzo wa mwaka 1900, na tarehe 1 Januari 2024, kwa mfano, ndani ya Excel ni 45292. Sura ndiyo inayoigeuza namba hiyo kuwa siku, mwezi na mwaka. Sisi huandika siku kwanza, lakini kompyuta iliyowekwa kwa desturi ya Marekani husoma mwezi kwanza. Mwalimu akiandika 3/4/2015 akikusudia Aprili 3, kompyuta hiyo hutunza Machi 4. Akiandika 25/4/2015, kompyuta haipati mwezi wa 25, hivyo huiacha kama maandishi matupu. Matokeo yake ni safu moja ya tarehe za kuzaliwa yenye tarehe za kweli, tarehe zilizogeuzwa na maandishi, yote yakifanana machoni. Kuipaka safu hiyo sura moja ya tarehe na kuihamishia kwenye rejista mpya hakuiponyi, kunaeneza maradhi tu.

Kadhalika, mafaili yaliyotengenezwa katika matoleo ya zamani ya Excel kwa kompyuta za Macintosh huhesabu siku kuanzia mwaka 1904. Tarehe zikinakiliwa kati ya faili la hesabu moja na la hesabu nyingine, zaweza kusogea kwa siku 1,462, yaani miaka minne na siku moja. Mtoto wa darasa la kwanza aweza kuzeeka kwa miaka minne kwa kubandikwa.

Chombo Kilichokuwa Kikiuliza

Walimu yatufaa kukumbuka kwamba lahajedwali ya kompyuta ilitokana na ubao wa chaki. Mwaka 1978 Dan Bricklin, aliyekuwa akisoma katika Harvard Business School nchini Marekani, alimtazama profesa wake akijaza jedwali la hesabu ubaoni. Kila namba moja ilipobadilika, profesa alilazimika kufuta na kuandika upya namba nyingine zilizoitegemea. Bricklin akawaza juu ya ubao ambao ungejihesabia wenyewe. Yeye na Bob Frankston wakatengeneza programu iliyoitwa VisiCalc, ikatolewa mwaka 1979 kwa ajili ya kompyuta ya Apple II.

Katika programu hiyo ya kwanza mlikuwa na amri ya kurudufu fomula kutoka seli moja hadi nyingine, na amri hiyo ilikuwa na tabia tunayoiona kuwa ya ualimu hasa. Kwa kila seli iliyotajwa ndani ya fomula, programu ilimuuliza mtumiaji: je, rejeo hili libaki palepale, au lihame pamoja na fomula? Mtumiaji hakuweza kunakili bila kujibu. Kazi ilikwenda polepole, lakini kila aliyenakili alijua alichokifanya.

Programu zilizofuata ziliondoa maswali hayo. Sasa rejeo huhama lenyewe isipokuwa limefungwa kwa alama ya dola, kama $B$2, na sura hufuata isipokuwa imekataliwa. Fomula =B2+C2 iliyo katika D2, ikinakiliwa hadi F2, hugeuka kuwa =D2+E2. Ikinakiliwa hadi A2 hukosa mahali pa kutazama na hutoa alama ya kosa, #REF!. Kosa hili la pili ni rafiki, kwa kuwa hupiga kelele. La kwanza ni adui, kwa sababu hutoa namba safi, yenye rangi na mipaka ileile, na huenda isihojiwe na mtu.

Hatulalamiki kwamba kazi imekuwa rahisi. Tunasema kwamba swali lililoondolewa kwenye kioo cha kompyuta halikuondoka katika kazi yenyewe. Lingali lipo, na kama chombo hakiulizi tena, hapana budi mwalimu aulize.

Yaliyowapata Wengine

Huenda msomaji akadhani kwamba makosa haya ni ya wanaoanza tu. Mambo yaliyokwisha kuandikwa hadharani yanaonyesha vingine. Mwaka 2003 kampuni ya umeme ya TransAlta ya Kanada ilipata hasara ya dola za Marekani milioni 24 kwa sababu ya kosa la kukata na kubandika katika lahajedwali iliyotumika kutayarisha zabuni. Waliohusika walikuwa watu wenye ujuzi na mishahara yao.

Mwaka 2008, benki ya Barclays iliponunua sehemu ya mali za Lehman Brothers iliyokuwa imefilisika, orodha ya mikataba ilitumwa kwa mawakili ikiwa katika lahajedwali. Mikataba ambayo benki haikuitaka ilikuwa katika mistari iliyofichwa. Orodha ilipogeuzwa kuwa hati ya PDF kwa ajili ya mahakama, mistari hiyo ilijitokeza, na alama zilizoonyesha kuwa haitakiwi hazikuonekana. Mikataba 179 ikaingia katika ununuzi bila kukusudiwa. Kufichwa kwa mstari ni sura. Waliokabidhi uamuzi kwa sura waliona sura ikiondoka na uamuzi wao.

Wataalamu wa elimu ya viumbe nao hawakusalimika. Baadhi ya jeni za binadamu zilikuwa na majina mafupi kama SEPT2 na MARCH1, na Excel iliyageuza majina hayo kuwa tarehe za Septemba na Machi. Utafiti uliotolewa mwaka 2016 ulikuta kwamba takriban makala moja kati ya kila tano za kitaalamu zilizoambatanishwa na orodha za jeni katika mafaili ya Excel ilikuwa na makosa ya namna hiyo. Mwaka 2020 kamati ya kimataifa inayosimamia majina ya jeni za binadamu ilitangaza kanuni mpya za majina, na jeni hizo sasa ni SEPTIN2 na MARCHF1. Wanadamu walibadili majina ya sehemu za miili yao ili kuipisha programu. Ikiwa mabingwa hao walipitwa, hatuna sababu ya kumtarajia mwalimu wa mwaka wa kwanza kazini asipitwe, ilhali chuo kilimwonyesha vitufe viwili tu.

Pingamizi na Majibu Yake

Wapo watakaosema kwamba kompyuta ni chache, wanachuo ni wengi na vipindi havitoshi, kwa hiyo yafaa kufundisha vitufe tu na kuacha falsafa. Tunakubali kuwa shida hizo ni za kweli. Lakini vitufe havidumu. Ctrl, Shift na V vikibonyezwa pamoja katika majedwali ya Google hubandika thamani peke yake. Vitufe hivyohivyo katika LibreOffice Calc hufungua dirisha la kuchagua kitakachobandikwa. Mwanachuo aliyekariri vitufe vya programu moja atatatizwa na nyingine. Aliyeelewa tabaka tatu atajua anachokitafuta hata katika programu ambayo hajapata kuiona. Muda ukiwa mchache, busara ni kuutumia kwa kile kitakachodumu.

Wapo na wanaosema kwamba sura ni pambo tu, na kwamba salama ni kuwafundisha walimu kubandika thamani peke yake siku zote. Ushauri huu unaonekana wa tahadhari, lakini nao hauna usalama. Tarehe isiyo na sura hugeuka kuwa 45292, na hakuna mzazi atakayeisoma. Asilimia 75 hugeuka kuwa 0.75. Thamani bila sura yaweza kumpotosha msomaji kama vile sura bila thamani. Haifai kuwa upande wa sura au upande wa thamani. Yatupasa kujua kila mara tumechukua nini.

Wengine tena watasema kwamba programu zitarekebishwa na makosa yatakwisha. Ni kweli kwamba mwaka 2023 Excel iliongezewa uwezo wa kuzimwa tabia ya kugeuza maandishi kuwa namba au tarehe bila kuombwa. Lakini anayeizima ni yule anayejua kuwa tabia hiyo ipo. Marekebisho ya chombo humfaa mwenye maarifa kwanza.

Njia Tunayoipendekeza

Kwanza, somo lianze bila kompyuta. Mkufunzi achore jedwali ubaoni, na kila mwanachuo apewe kadi moja iwe seli. Mbele ya kadi aandike kinachoonekana, kwa rangi na ukubwa wa maandishi atakaoambiwa. Nyuma aandike thamani kamili. Fomula, ikiwa ipo, iandikwe kwenye kijikaratasi kilichobanwa kwenye kadi. Kisha mkufunzi aamuru: «Bandika vyote», «Bandika thamani», «Bandika sura». Kwa kila amri wanachuo watengeneze kadi ya pili ya mahali papya, wakiamua wenyewe ni kitu gani cha kuandika mbele, nyuma na kwenye kijikaratasi. Kipindi kimoja cha namna hii kinawezekana katika darasa la watu sitini lisilo na umeme, na kitafundisha zaidi ya vipindi vitatu vya kubonyeza.

Pili, mwanachuo anapofika kwenye kompyuta, na atabiri kabla ya kubonyeza. Aandike daftarini mistari mitatu: kitakachohama, kitakachobaki, na kitakachobadilika. Ndipo abandike na kulinganisha. Utabiri ukikosewa, hapo ndipo mahali pa kufundishia. Mwalimu wa sayansi hutumia njia hii katika maabara, na hakuna sababu ya mwalimu wa TEHAMA kutoitumia.

Tatu, pawe na utaratibu mmoja unaofaa kwa programu zote pale tunapotaka nakala iliyoganda lakini yenye sura ileile. Nakili, bandika thamani, bandika sura mahali palepale, kisha rekebisha upana wa safu. Baada ya hapo, mwanachuo ahakiki kwa mambo mawili: idadi ya mistari katika nakala ilingane na ile ya asili, na jumla ya kila safu ya namba ilingane. Karatasi ya asili isifutwe mpaka uhakiki umekwisha. Usione vyaelea, vimeundwa. Na orodha inayoaminika huundwa kwa kuhakikiwa.

Nne, walimu wazoeshwe kutoipa rangi kazi ya kubeba habari peke yake. Mwalimu anayewapaka rangi nyekundu wanafunzi wasiokamilisha majaribio ameandika habari ambayo fomula za kawaida haziwezi kuihesabu, ambayo hutoweka thamani zinapobandikwa peke yake, na ambayo haionekani kwenye nakala iliyochapwa kwa wino mweusi. Na aongeze safu moja yenye neno «Bado» au «Tayari», kisha apake rangi akipenda. Neno litahama pamoja na thamani, na rangi itakuwa msaada wa macho tu.

Tano, mtihani wa chuo ufuate shabaha hiyo. Swali linalosema «Taja vitufe vya kunakili na kubandika» hupima kumbukumbu ya siku chache. Afadhali kuuliza hivi: «Seli D2 inaonyesha 50, na fomula yake ni wastani wa B2 na C2 ambazo zina 49 na 50. Eleza kitakachoonekana iwapo D2 itabandikwa katika karatasi mpya kama thamani peke yake, na useme kama mwanafunzi huyu amefaulu ikiwa alama ya kufaulu ni 50.» Mwanachuo atakayejibu swali hilo vizuri amejua hesabu, amejua chombo, na amejua wajibu wake. Wala hahitaji kompyuta mbele yake ili alijibu.

Tunatambua kwamba wakufunzi wengi wamekwisha kufundisha mambo haya kwa juhudi zao wenyewe, bila kuongozwa na muhtasari wowote. Rai yetu kwao ni kwamba wayaandike, wayajaribu kwa wanachuo wakati wa mazoezi ya kufundisha, na wayalete mbele ya walimu wenzao ili yakosolewe. Kuhusu vyuo, ombi letu ni dogo: kabla mwanachuo hajakabidhiwa orodha ya alama za watoto, na aweze kunyoosha kidole kwenye seli yoyote na kusema kinachoonekana ni nini, kilichomo ni nini, na ni kipi kati ya hivyo kitafuata endapo ataihamisha. Asiyeweza kusema hayo hajawa tayari kubonyeza.